Homoni ya Moyo Inapopanda

*Mama mmoja wa Kamalondo, Lubumbashi, anatibiwa moyo dhaifu, na kipimo chake cha NT-proBNP kimepanda. Je, hali imeharibika? — Binti yake*

Hofu ya binti huyu inaeleweka, lakini namba hiyo pekee si hukumu. NT-proBNP ni kipande cha protini kinachotolewa pamoja na homoni ya BNP wakati kuta za moyo zinapotanuka kwa kulemewa, hivyo kiwango kikubwa huashiria ugonjwa mzito zaidi. Hata hivyo figo dhaifu, umri na mapigo yasiyo na mpangilio hukipandisha pia, ilhali unene hukishusha, na ndiyo maana daktari hukilinganisha na vipimo vya awali vya mgonjwa yuleyule. Mama asiache dawa, ajipime uzito kila asubuhi, na akiongeza kilo 2 ndani ya siku 3 amwone daktari. Akikosa pumzi anapolala, apelekwe hospitali mara moja.