Somo la Tisa: Nchi Ipi Ina Hewa Njema?

Shamba la kahawa

Tuseme kwamba mwanafunzi mmoja wa darasa la tano anaitwa Chacha. Nyumbani kwao ni milimani, katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara. Baba yake ana migomba na shamba dogo la kahawa. Bhoke ni binti wa baba yake mdogo. Yeye anakaa katika Wilaya ya Serengeti, kwenye mbuga za upande wa Mto Grumeti. Kwao wanalima mtama, uwele na mihogo, na wanafuga ng'ombe.

Mwezi wa Desemba baba yake Chacha alikwenda kumtembelea mdogo wake. Alikaa huko siku nne, akarudi na furaha nyingi.

"Huko ndiko kwenye hewa njema," aliwaambia watu wa nyumbani. "Asubuhi hutafuti koti. Majani ni mabichi na ng'ombe wameshiba. Huku kwetu ukungu na baridi vinaniumiza magoti. Nafikiri tuuze shamba la kahawa, tuhamie huko."

Bibi alikuwa akipukuchua mahindi. Aliuliza, "Mwanangu, ulikwenda mwezi gani?"

"Desemba, mama."

"Na mwezi wa Agosti uliwahi kufika?"

Baba alinyamaza.

Wakati wa likizo Bhoke alikuja Tarime. Asubuhi ya kwanza alitoka nje akiwa amejifunika blanketi. "Kaka Chacha," alisema, "mnaishije katika baridi hii?"

Chacha alicheka. "Mimi nilipokuja kwenu sikupata usingizi kwa sababu ya joto."

Je, nani kati yao alisema kweli? Je, baba alikuwa na sababu ya kutosha ya kuuza shamba? Katika somo hili tutajifunza namna ya kujibu maswali hayo.

Hali ya hewa na tabia ya nchi

Hali ya hewa ni jinsi hewa ilivyo mahali fulani kwa muda mfupi. Tunaposema, "Leo kuna jua kali," au "Jana alasiri mvua ilinyesha," tunaeleza hali ya hewa.

Tabia ya nchi ni hali ya hewa ya mahali kama inavyojulikana baada ya kupimwa kwa miaka mingi. Wataalamu hutumia vipimo vya miaka 30. Katika nchi yetu kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Miaka 30 ni muda mrefu. Kwa nini usitumike mwaka mmoja tu? Kwa sababu miaka hailingani. Mwishoni mwa mwaka 1997 na mwanzoni mwa mwaka 1998 mvua kubwa zilinyesha Afrika Mashariki na kuleta mafuriko. Lakini mwaka 1993 ulikuwa mwaka wa ukame Serengeti, na nyumbu wengi sana walikufa. Mtu aliyeiona Serengeti mwaka 1993 peke yake angesema kuwa ni nchi kavu mno. Aliyeiona mwanzoni mwa mwaka 1998 peke yake angesema kuwa ni nchi ya mafuriko. Wote wawili wangekosea.

Baba yake Chacha aliona siku nne. Aliona hali ya hewa, lakini hakuiona tabia ya nchi.

Jaribio la kwanza: Je, ngozi ni kipimajoto kizuri?

Utahitaji: mabeseni matatu, maji ya moto yasiyounguza, maji ya baridi na kipimajoto.

Fanya hivi:

1. Tia maji ya moto katika beseni la kwanza. Tia maji ya baridi katika beseni la tatu. Katika beseni la katikati changanya maji ya moto na ya baridi, sehemu sawa.
2. Ingiza mkono wa kushoto katika maji ya moto, na mkono wa kulia katika maji ya baridi. Hesabu polepole hadi 60.
3. Sasa ingiza mikono yote miwili kwa pamoja katika beseni la katikati. Unaona nini?
4. Pima joto la maji ya beseni la katikati kwa kipimajoto.

Mkono wa kushoto utakuambia kuwa maji hayo ni ya baridi. Mkono wa kulia utakuambia kuwa maji hayo hayo ni ya vuguvugu. Kipimajoto kitaonyesha namba moja tu.

Mikono yako haikusema uongo. Kila mkono ulilinganisha maji mapya na yale uliyoyazoea. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Chacha na Bhoke. Bhoke alitoka kwenye joto, kwa hiyo aliona Tarime kuna baridi. Mtu anayetoka Norway wakati wa theluji angeona asubuhi ile ile ya Tarime kuwa na joto zuri.

Jaribio la pili: Jasho na unyevu wa hewa

Utahitaji: vipimajoto viwili vinavyofanana, kipande cha kitambaa, maji na kipepeo cha ukindu.

Fanya hivi:

1. Acha kipimajoto kimoja kikavu. Funga kitambaa kilicholowa maji kwenye ncha ya chini ya kipimajoto cha pili.
2. Viweke vyote viwili kivulini, uvipepee kwa dakika tano.
3. Soma namba za vipimajoto vyote viwili, uziandike.
4. Rudia jaribio hili siku ya jua kavu na siku ya mvua.

Kipimajoto chenye kitambaa kitaonyesha joto dogo zaidi. Maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto. Siku kavu tofauti ya vipimajoto huwa kubwa, na siku ya mvua huwa ndogo, kwa sababu hewa yenye unyevu mwingi haipokei mvuke kwa wepesi.

Mwili wa mtu mwenye afya hukaa karibu na nyuzi 37 za sentigredi. Tukipata joto sana hutokwa jasho, na jasho likikauka hutupoza. Mahali penye hewa kavu jasho hukauka upesi. Pwani, kama Dar es Salaam na Unguja, hewa ina unyevu mwingi na jasho hubaki mwilini. Ndiyo maana joto la namba ile ile huweza kuchosha zaidi pwani kuliko bara. Basi, hata kipimajoto peke yake hakitoshi. Ni lazima tupime pia unyevu, upepo na mvua.

Kwa nini Tarime na Serengeti hazifanani?

Wilaya hizi mbili zinapakana, na zote ziko karibu na Ikweta. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta joto halibadiliki sana kutoka mwezi hadi mwezi. Tofauti zinaletwa hasa na mambo mawili.

*Kimo.* Kadiri tunavyopanda juu ndivyo joto linavyopungua. Kwa kila mita 1,000 tunazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwa sababu hiyo kilele cha Mlima Kilimanjaro, chenye kimo cha mita 5,895, kina barafu ingawa Ikweta haiko mbali. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima ya Tarime imeinuka juu zaidi ya ziwa, na kwa hiyo ina baridi.

*Ziwa.* Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Unapofika milimani hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Kadiri tunavyokwenda mbali na ziwa, kuelekea kusini-mashariki, mvua hupungua. Sehemu za kaskazini-magharibi za mbuga za Serengeti hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Nyanda za kusini-mashariki hupata kama milimita 500 tu.

Njema kwa nani?

Mbuni wa aina ya arabika hustawi vizuri palipo na joto la kati ya nyuzi 15 na 24, na mvua ya kutosha. Milima ya Tarime inaufaa. Uwele na mtama huvumilia jua kali na mvua chache, kwa hiyo vinafaa mbugani. Ukungu uliomchukiza baba yake Chacha ni rafiki wa kahawa yake.

Tutazame pia magonjwa. Vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Palipo na baridi hukua polepole sana, na palipo na joto hukua upesi. Huko mbugani, vichakani, kuna pia mbung'o wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Lakini wakazi wa milimani wasijidanganye kwamba wako salama. Malaria ikifika kwao katika mwaka wa joto na mvua nyingi huweza kuwaumiza sana, kwa kuwa miili yao haikuizoea. Kila mtu alale ndani ya chandarua.

Na nyumbu je? Zaidi ya nyumbu milioni moja huhama kila mwaka katika Serengeti. Wakati wa mvua hukaa kwenye nyanda za kusini-mashariki. Huko majani ni mafupi lakini yana madini mengi, kwa kuwa udongo wake ulitokana na majivu ya volkeno. Hapo huzaa, hasa mwezi wa Februari. Kiangazi kinapokausha nyanda hizo, huenda kaskazini hadi Mto Mara, ambako mvua ni nyingi zaidi. Nyumbu hawana nchi moja iliyo njema siku zote. Wana nchi njema ya masika na nchi njema ya kiangazi.

Kutoa alama

Chacha na Bhoke waliamua kutoa alama kumi kwa kumi. Namba hizi ni za mfano tu.

Tarime: joto la kupendeza 4, mvua 9. Jumla 13.
Mbugani: joto la kupendeza 8, mvua 6. Jumla 14.

"Kwetu tumeshinda!" alisema Bhoke.

Bibi akasema, "Sisi ni wakulima wa kahawa. Kwetu mvua ina uzito mara mbili. Hesabuni tena."

Tarime: 4 + 9 + 9 = 22.
Mbugani: 8 + 6 + 6 = 20.

Safari hii Tarime ilishinda. Mvua haikuongezeka hata tone moja, wala joto halikubadilika. Kilichobadilika ni haja ya mtu anayehesabu. Kwa hiyo, mtu akikuambia kuwa nchi fulani ina hewa njema kuliko nyingine, muulize mambo matatu: Umepima nini? Umepima kwa muda gani? Njema kwa nani, na kwa kazi gani?

Kupenda si kosa. Mtu anaweza kupenda baridi, na mwingine akapenda joto. Kosa ni kudhani kwamba tunachokipenda sisi ndicho kipimo cha watu wote.

Mwisho wa habari

Mwezi wa Agosti baba yake Chacha alikwenda tena kwa mdogo wake. Majani yalikuwa yamekauka. Ng'ombe walitembea mbali kutafuta maji. Alimwuliza mdogo wake kama hafikirii kuhamia Tarime.

"Hapana, kaka," alijibu mdogo wake. "Nimezoea. Najua mahali pa kuchimba maji, na najua mwezi wa kupanda uwele. Huko kwenu ningeanza upya kama mtoto."

Baba alirudi Tarime. Hakuuza shamba. Alinunua koti.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya hali ya hewa na tabia ya nchi.
2. Kwa nini mikono miwili katika maji yale yale inaweza kuona joto tofauti?
3. Kwa nini jasho hukauka polepole mahali penye unyevu mwingi?
4. Kijiji A kiko mita 500 juu zaidi ya kijiji B. Kijiji B kina joto la nyuzi 27. Kadiria joto la kijiji A.
5. Kwa nini nyumbu hawakai mahali pamoja mwaka mzima?
6. Bibi aliuliza swali gani la kwanza? Kwa nini swali hilo lilikuwa muhimu?

Kazi ya kufanya

Pima joto shuleni kwenu saa mbili asubuhi na saa nane mchana kwa siku 30. Weka chombo cha kukinga mvua mahali pa wazi, upime maji yake kila asubuhi. Siku hizo hizo waombe mzee mmoja, mkulima mmoja na mtoto mmoja watoe alama za kupendeza kwa kila siku, kutoka 0 hadi 10. Mwishoni linganisha alama zao na vipimo vyako. Eleza darasani ni wapi walikubaliana na ni wapi walitofautiana, na utafute sababu.