KUMLEA YATIMA: SHERIA YA DINI NA SHERIA YA NCHI



Darsa ya leo ni jawabu ya suala tunaloletewa mara kwa mara hapa Majengo, Shauri Moyo na Eastleigh. Mtu amemchukua mtoto aliyefiliwa na wazazi, amlea kwa mapenzi. Siku ya kumtia skuli aambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Jee, yafaa amwandikishe kuwa yeye ndiye babake?

Jawabu: haifai. Zaid bin Haritha alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad, hata iliposhuka aya ya 5 ya Suratul-Ahzab, ikaamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Zaid akarejea kwenye jina la Haritha, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Basi Uislamu haukukataza malezi. Umekataza uwongo katika nasaba. Mwenye kuigeuza nasaba ya mtoto humpotezea urithi wa jamaa zake, na huenda mtoto huyo akaja akaoana na nduguye bila ya kujua.

Sheria ya nchi nayo haikubali. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 champa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure na ya lazima, chakula, makazi na matibabu. Na kutoa khabari ya uwongo katika kuandikisha uzazi ni kosa.

Wako wasemao: "Serikali yajua kuasili tu, na dini yatukataza, basi tufiche." Hoja hiyo leo haina nguvu. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, imeitaja kafala kwa jina lake. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 juu ya Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia 1990, umeitaja katika kifungu cha 20. Kuasili humfanya mtoto kama aliyezaliwa na mlezi. Kafala humlea huku nasaba yake imesimama.

Basi yampasa kafili haya:

Kwanza, khabari ya mtoto aipeleke kwa Afisa wa Watoto. Asione kuwa ni bidaa ya Wazungu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamewajibisha kushuhudiza anapochukuliwa mtoto wa kuokotwa, ili nasaba na uhuru wake visipotee. Daftari la serikali ndio ushahidi wa zama zetu.

Pili, cheti kitafutwe kwa majina ya wazazi wake khasa.

Tatu, mali ya yatima iwekwe mbali na iandikwe. Suratun-Nisaa, aya ya 10, yatisha kwa moto wenye kuila kwa dhulma. Na aya ya 6 yaamrisha mashahidi siku ya kumkabidhi akishapevuka.

Nne, mtoto huyu hamrithi kafili, lakini kafili aweza kumuusia mpaka thuluthi ya mali yake. Na akiwa hajatimiza miaka 2, mke wa kafili akamnyonyesha mara 5 kamili, atakuwa maharimu wao.

La mwisho ndilo zito. Mwenye kumchukua yatima, watoto wake wakaenda skuli na yatima akabaki kuosha vyombo na kuchota maji, huyo si kafili. Huyo amepata mtumishi asiye na mshahara. Sheria ya nchi itamuuliza akishitakiwa, na Mungu atamuuliza hata asiposhitakiwa.

Mtume wetu mwenyewe alikuwa yatima, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Hawakulibadili jina la babake Abdullah, wala hawakumpunguzia mapenzi. Basi na tuwafuate katika hilo.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.