Je, Spiriti ni Lazima Kabla ya Sindano?

Wenzangu wengi hudhani kwamba ngozi ikidungwa sindano bila kupakwa spiriti hutunga usaha. Nimelichungua jambo hili. Nanyi wazazi yafaa mlijue, msije mkamrudisha mtoto bila chanjo kwa kuwa spiriti imekwisha.

Mwaka 1969 Daktari T. C. Dann aliandika katika jarida la The Lancet la Uingereza kwamba kwa miaka 6 zilipigwa sindano zaidi ya 5,000 bila kutayarisha ngozi, wala hapakutokea uambukizo hata mmoja. Vijidudu vinavyoingia na sindano huwa vichache, na mwili wenye afya huvishinda.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kwa chanjo, maji na sabuni yatosha ikiwa ngozi ni chafu. Bali kwa sindano ya dawa ya msulini au mshipani spiriti yatakiwa: ngozi isuguliwe sekunde 30, kisha iachwe ikauke. Pamba iliyolowekwa mkebeni haifai, kwani huweza kubeba vijidudu.

Basi kwanza ulizeni kama sindano ni mpya. Sindano iliyokwisha tumiwa huweza kuleta UKIMWI na homa ya ini, na spiriti ya juu ya ngozi haizuii hayo.