Tujifunze kwa Ng'ombe wa Gari

Wanachama wenzetu,

Msimu uliopita chama chetu kilibandika bandani karatasi yenye maagizo saba ya kulinda afya wakati wa kuchuma karafuu: tusipande na njaa, tusipande mti uliolowa mvua, tunywe maji ya kutosha, tujaribu tawi kabla ya kulikanyaga, na mengineyo. Wengi waliisoma, na wengine waliihifadhi kwa moyo. Walakini hata mwezi haujesha, kijana mmoja alikanyaga tawi bovu, akaanguka na kuvunjika mkono. Tulipokwenda kumtazama alituambia, "Agizo nalijua. Siku ile halikunijia tu."

Neno lile lilitutia haya, maana kosa lilikuwa letu pia. Tulimpa kijana maarifa, hatukumpa mazoea. Na tawi la mkarafuu, kama sote tujuavyo, ni jepesi kukatika. Halimngoji mtu akumbuke. Basi leo tujifunze jinsi mazoea yanavyojengwa, na mwalimu wetu awe ng'ombe wa gari.

1. Hatua ndogo. Mwenye kujua kazi humwanzisha ng'ombe mchanga kwa kamba tu, wakatembea pamoja mpaka akauzoea mkono wake. Kisha humtia nira bila ya gari. Kisha gari tupu. Kisha mzigo mdogo. Magunia huja mwisho. Anayeanza na magunia hurudi na gari lililovunjika na mnyama mwenye hofu. Nasi tuliosoma chuoni hatukupewa juzuu nzima siku ya kwanza. Tulianza na alifu. Lakini wachumaji wetu tuliwatwika maagizo saba kwa siku moja.

2. Alama moja. Mtaalamu wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula tumboni, aliona kuwa mbwa hutokwa na mate kabla chakula hakijafika, kwa kupata tu alama iliyozoea kukitangulia. Ng'ombe naye akiona nira inachukuliwa hujua kazi imefika. Basi kila tabia mpya tuifunge na jambo tunalolifanya tayari. Mkono ukishika tawi, livute kwanza kwa nguvu, ndipo mguu ufuate. Mtungi wa maji ukae pale pale pakacha linapomwagwa, ili kila ashukaye kumwaga karafuu anywe kabla ya kupanda tena.

3. Malipo ya papo hapo. Ng'ombe hupewa pumba na kivuli mara afunguliwapo, wala haambiwi angoje kesho. Taabu ya tabia za afya ni kwamba faida yake huchelewa, na uvivu hulipa sasa hivi. Kwa hiyo msimamizi amwonapo mchumaji akijaribu tawi, amsifu pale pale, wenzake wasikie. Sifa haina gharama.

4. Bakora haijengi. Ng'ombe apigwaye ovyo hujifunza kumwogopa mpigaji, hajifunzi njia. Kadhalika mtu aliyesahau siku moja akatukanwa, huacha kabisa. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walieleza mwaka 2009 kuwa watu waliojizoeza tabia moja ndogo kila siku walichukua wastani wa siku 66 mpaka ikawa mazoea. Wepesi siku 18, na wazito walikisiwa kuhitaji hata siku 254. Tena kukosa siku moja hakukuharibu kazi. La maana ni kurudi kesho yake.

Siku 66 ni zaidi ya miezi miwili. Tusingoje siku ya kwanza ya uchumaji. Anayepanda mwembe au mfenesi leo, avute tawi leo. Anayepalilia leo, anywe maji leo kila afikapo mwisho wa mstari.

Kwa sababu hiyo Kamati imeibandua karatasi ya maagizo saba. Pale pale tumeandika neno moja tu: VUTA TAWI KABLA YA KUKANYAGA. Likishakuwa mazoea ya wote, ndipo tutaandika la pili.

Kijana wetu mkono umeunga, naye asema atapanda tena. Tungependa safari hii mkono wake ukumbuke hata kama yeye amesahau.

Maswali ya kuzungumza barazani:
(a) Ni tabia gani moja ya afya utakayoianza wiki hii, nawe utaifunga na alama gani?
(b) Katika shamba lako, nani atakayewasifu wachumaji, na kwa neno gani?
(c) Je, watoto wanaookota karafuu chini ya miti, tuwazoeze nini kwanza?

Katibu, kwa niaba ya Kamati.