INZI WA NDIZI NA VIPOKEZI VYAKE



Mpendwa mwanafunzi, ukiacha ndizi mbivu jikoni, iwe Moshi mjini au Marangu, baada ya siku chache utaona inzi wadogo sana wenye macho mekundu wakizizunguka. Jina lao la kitaalamu ni Drosophila melanogaster. (Usiwachanganye na inzi wanaolalamikiwa na wakulima wa maembe, hao ni wengine, na ni wakubwa zaidi.) Wataalamu wa jeni wamewafuga kwa zaidi ya miaka 100, kwani yai huwa inzi kamili kwa siku 10 hivi.

Sasa tujiulize, kipokezi ni nini? Ni protini iliyo kwenye utando wa seli, inayopokea habari kama kitasa kinavyopokea ufunguo. Ufunguo mmojawapo ni dopamini, kemikali ambayo seli za neva hupelekeana. Tatizo ni kwamba kitasa hiki kikifunguka, jicho halioni kitu. Utajuaje ni kipi kimefunguka, ndani ya ubongo mdogo kuliko punje ya ulezi?

Njia moja huitwa Tango. Wataalamu humtia inzi jeni zilizotengenezwa, ili kipokezi chake kiwe kimefungiwa protini nyingine kwa kamba, tuiite tarishi. Dopamini ikifika, protini iitwayo arestini hukijia kile kipokezi, nayo imebeba kimeng'enya kinachokata kama mkasi. Kamba ikikatwa, tarishi huenda kwenye kiini cha seli na kuiamsha jeni ya protini ing'aayo kijani, ambayo asili yake ni yavuyavu wa baharini. Chini ya hadubini, seli iliyopokea habari nyingi hung'aa zaidi. Ni kama daftari la mahudhurio: linaonyesha nani alifika, lakini si dakika aliyoingia, maana mng'ao huchukua saa nyingi kujengeka.

Mwaka 2012, Hidehiko Inagaki, David Anderson na wenzao huko California waliitumia njia hii kwa inzi wenye njaa. Waliona kwamba njaa huongeza dopamini inayozifikia neva za kuonja sukari, na inzi huyo hunyoosha mrija wake hata kwa sukari hafifu ambayo aliyeshiba huipuuza. Najua mtakumbuka tende ya kufuturu! Lakini binadamu si inzi, na jambo hilo kwetu linahitaji ushahidi wake.

Faida iliyo karibu nasi zaidi inahusu malaria. Mwaka 2010 kundi la John Carlson, Chuo Kikuu cha Yale, lilichukua vipokezi vya harufu vya mbu Anopheles gambiae na kuvipandikiza, kimoja kimoja, katika neva ya inzi iliyoondolewa kipokezi chake. Hapo walipima kwa umeme, si kwa mng'ao. Vipokezi 50 vilifanya kazi, wakavijaribu kwa harufu 110, na baadhi viliitikia kwa nguvu harufu za jasho letu. Mbu huyo ni ndugu wa karibu wa Anopheles arabiensis anayezaliana katika mashamba ya mpunga ya Lower Moshi.

Mwaka huo huo Fredros Okumu na wenzake wa Ifakara walichapisha matokeo ya harufu ya kutengenezwa. Ikiwekwa kibanda tofauti na cha mtu, ilivuta mbu mara 3 hadi 5 kuliko mtu. Ikiwekwa naye kibanda kimoja, haikumshinda.