UTUNZAJI WA VIWANJA VYA NYASI VILIVYOTUAMA MAJI

Mvua kubwa zinapokatika, viwanja vingi vya nyasi mjini Mwanza na visiwani Ukerewe, vya ofisi na vya makazi, hubaki vimetuama maji. Aghalabu hatua ya kwanza ni kumwingiza kiwanjani mtu mwenye fyekeo, au kupitisha toroli la mchanga juu ya tope, ili mahali papendeze upesi. Hatua hiyo, ijapokuwa ya nia njema, huua nyasi kuliko mvua yenyewe.

Mizizi hupumua hewa iliyomo katika vitundu vidogo vya udongo. Maji yakivijaza vitundu hivyo, mizizi hukosa pumzi. Ukoka huweza kustahimili hali hiyo kwa siku kadhaa, kwa kuwa mashina yake hutambaa juu na chini ya ardhi na kuchipua upya. Lakini udongo uliolowa ukikanyagwa hushindiliwa, na hata maji yakiondoka hewa hairudi. Kwa hiyo kiwanja kisipitiwe na mtu, mnyama wala gari mpaka udongo uache kunasa viatuni. Penye njia ya mkato ifungwe kamba. Maneno peke yake hayamzuii mtu aliyechelewa kazini.

Udongo nao una tabia zake. Wasukuma huutofautisha udongo wa kichanga wa miteremkoni, uitwao luseni, na ule mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, uitwao mbuga. Luseni hunywa maji upesi. Mbuga huyashika siku nyingi, na kiangazi hupasuka nyufa. Asiyejua alionao achimbe shimo la kina cha sentimita 30 na kulijaza maji. Yakiwa bado yamo siku ya pili, kiwanja kinahitaji mtaro.

Mtaro huo uwe wa kina kidogo, ufuate mteremko na kuishia kwenye mfereji wa barabara, si kwenye ukuta wa jirani wala kisimani. Udongo ukishakuwa na unyevu wa kiasi, utobolewe kwa uma wa bustani, matundu ya kina cha sentimita 10, yajazwe mchanga wenye chenga uliochanganywa na mboji. Kumwaga mchanga kidogo juu ya mbuga na kuuchanganya kwa jembe hakufai: mchanganyiko huo hukauka mfano wa tofali. Nyasi zifyekwe zinaposimama tena, zibakizwe sentimita 5. Mbolea ya chumvichumvi isubiri, kwani ikitupwa penye maji huishia ziwani na kulisha gugumaji, mmea uliozuka humo mwishoni mwa miaka ya 1980 na kusumbua mitumbwi na vivuko.

Maji ya kiwanjani hayapaswi kukaa wiki nzima. Katika joto la kanda hii, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili, na mbu wa malaria hutosheka hata na maji ya alama ya kwato.

Yote hayo yahusu maji ya mvua. Kiwanja kilichofurikwa na ziwa ni jambo jingine. Baada ya mvua za 1961 kina cha Ziwa Victoria kilipanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilifikia kimo hicho na kukipita. Mtaro hapo hausaidii, kwa kuwa maji hupanda kutoka chini, na mfereji ulioelekezwa ziwani huyakaribisha ndani. Anayelazimika kuingia katika maji hayo avae viatu virefu vya mpira kujikinga na kichocho, ambacho konokono wake huishi katika maji ya kina kifupi ya ukingoni.

Sehemu hiyo ni bora iachiwe matete na mafunjo, ambayo mizizi yake imezoea kukaa majini na huzuia mmomonyoko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mkazi anayekusudia kumwaga kifusi ili kuinua kiwanja chake amwone kwanza ofisa mazingira wa halmashauri yake.