Kwa Nini Kaushio Huchelewa Kukausha?

Mtu aliyefua shati lake Rwamgasa asubuhi ya mwezi wa Julai aweza kulivaa mchana. Shati lile lile likianikwa mwezi wa Machi, mawingu yakiwa yametanda na upepo umetulia, huenda likalala kambani hadi kesho yake na kuanza kutoa uvundo. Watu wengi wakiulizwa sababu ya tofauti hiyo husema ni jua. Jibu hilo si la uongo, ila halikukamilika; na kwa sababu ya upungufu wake, kaushio lililojengwa kwa gharama laweza kufanya kazi polepole kuliko mkeka uliotandikwa juu ya mwamba.

Kaushio ninalolizungumzia hapa ni sanduku la mbao lililofunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga. Ndani yake mna trei za wavu, na mbele yake limeunganishwa na bati lililopakwa rangi nyeusi, ambalo hupasha hewa moto kabla haijafika kwenye trei. Katika nchi ya Wasukuma na ukanda wa Geita chombo hiki chafaa hasa kwa viazi vitamu: michembe, ambayo hukatwa vipande ikiwa mibichi, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Vyakula hivyo viwili ndivyo akiba ya kaya nyingi tangu mavuno hadi mvua za mwaka unaofuata.

Miaka kadhaa iliyopita akina mama wa kikundi kimoja karibu na Rwamgasa walinionyesha kaushio lao. Vipande vilivyotiwa siku ya Jumatatu vilikuwa bado vinapinda kama ngozi mbichi siku ya Alhamisi, na vingine vilikwisha kuota ukungu wa kijivu. Nilitia mkono ndani, nikaona joto si kali, nikawashauri wazibe tundu la juu ili joto lisipotee. Wakaziba. Viazi vya safari iliyofuata viliharibika vyote. Naandika makala hii, kwa sehemu, ili kulilipa deni hilo.

Ukungu si jambo la kupangusa kwa kitambaa na kusahau. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 kati yao wakafariki. Chakula kilichohusika huko kilikuwa mahindi, nayo mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi. Lakini kipande cha kiazi kinachokaa siku nne katika joto la wastani na unyevunyevu mwingi ni makao mazuri kwa kuvu wa kila namna.

La kuaibisha ni kwamba somo hili nilikwisha kufundishwa zamani, tena bure. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu ng'ambo, nyumba tuliyokaa ilikuwa na mashine ya umeme ya kukaushia nguo. Ikaanza kuchukua saa tatu kwa kazi ya saa moja. Sisi wanafunzi tulibishana jioni nzima juu ya waya wa joto. Fundi alipokuja hakuugusa waya. Alichomoa bomba la kutolea hewa nyuma ya mashine, akavuta humo manyoya ya nguo yaliyoshindiliwa kama pamba ya mto. Joto lilikuwapo wakati wote. Hewa iliyojaa mvuke ndiyo iliyokosa pa kutokea, ikawa inazunguka juu ya nguo zile zile.

Hebu sasa tufanye hesabu, maana pasipo hesabu tutaendelea kubahatisha. Tuchukue kilo 10 za vipande vibichi vya viazi. Katika hizo, kilo 7 hivi ni maji. Tukitaka michembe ibakiwe na maji yasiyozidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wake, hatuna budi kuondoa kilo 6.7 za maji na kubakiwa na kilo 3.3 za chakula. Kila kilo ya maji yahitaji nishati ya kilojuli 2,400 hivi ili igeuke kuwa mvuke. Jumla yake ni kilojuli 16,000. Siku ya jua zuri katika ukanda huu, kila mita ya mraba hupokea kilojuli 18,000 hadi 20,000, na kaushio la kawaida likifaulu kutumia theluthi moja ya kiasi hicho limefanya vema. Kwa hiyo kaushio lenye eneo la mita ya mraba moja na nusu litamaliza kazi ya kilo 10 katika siku mbili. Akina mama wale walikuwa wakitia kilo 25. Hata kama kila kitu kingine kingalikuwa sawa, jua lingalihitaji siku nne na zaidi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na dawa yake haihitaji fundi: ni kupunguza viazi.

Kosa la pili, ambalo mimi nililizidisha, lilikuwa katika njia ya hewa. Hewa ni mchukuzi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 25 za sentigredi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 23 za mvuke wa maji. Ikiwa tayari ina gramu 14, nafasi iliyobaki ni ndogo. Hewa hiyo ikipashwa moto hadi nyuzi 45, uwezo wake hufikia gramu 65, na hapo ndipo huwa na kiu ya kweli. Lakini inapoyanywa maji hupoa, kwa sababu joto lake ndilo linaloyageuza maji kuwa mvuke. Kwa hiyo kwa vitendo kila mita ya ujazo huondoka na gramu 5 hivi tu. Gawanya kilo 6.7 kwa gramu 5: utapata mita za ujazo zaidi ya 1,300. Tukihesabu saa 16 za jua katika siku mbili, kila saa zapaswa kupita mita za ujazo zaidi ya 80, yaani hewa ya vyumba vitatu vya kulala na ziada.

Tundu la juu la kaushio lile lilikuwa na sentimita 10 kwa 10. Ili hewa yote hiyo ipite hapo ingebidi itoke kwa kasi ya mita 2.3 kwa sekunde. Sanduku lenye kimo cha mita moja haliwezi kuzaa upepo wa namna hiyo: tofauti ya nyuzi 15 kati ya ndani na nje huisukuma hewa kwa kasi isiyofika mita moja kwa sekunde, na trei zilizojaa huipunguza zaidi. Tundu lenyewe lilikuwa dogo mno, nami nikaagiza lizibwe.

Tuliporudi tulikata upenyo wa sentimita 80 kwa 10 chini, penye kuingilia, na mwingine kama huo juu nyuma, tukaweka wavu wa kuzuia nzi. Kwa upenyo huo hewa yahitaji mwendo wa sentimita 30 tu kwa sekunde, ambao sanduku laweza kuutoa lenyewe. Mwenye uwezo aongeze dohani fupi ya bati jeusi juu ya pa kutokea. Kimo kikizidi, mvuto huzidi.

Msomaji mwenye kaushio lake atambue ugonjwa kwa dalili. Akiona matone ya maji chini ya nailoni adhuhuri, njia ya hewa imeziba au ni ndogo. Ikiwa ndani hamna joto na nailoni ni kavu, basi huenda imefunikwa na vumbi, au kivuli cha mwembe kimehamia juu ya bati, au matundu yamekatwa makubwa kupita kiasi. Kipimajoto kikisoma nyuzi 45 hadi 60 na hakuna matone, lakini vipande bado ni vibichi moyoni, tatizo ni kisu. Maji ya katikati hutembea polepole kufika nje, na muda wake huongezeka kwa mraba wa unene: kipande cha milimita 8 huchukua mara nne ya kile cha milimita 4, si mara mbili. Aidha, matundu hufungwa jioni, kwani hewa ya usiku hurudisha unyevunyevu uliokwisha kulipiwa kwa jua.

Rwamgasa ina jambo jingine. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikamata dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki itoke kama mvuke. Mradi wa zebaki ulioendeshwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda kati ya mwaka 2002 na 2007 ulifanya kazi hapo hapo. Mvuke huo ukipoa hutua juu ya mapaa, majani na kila kilichoanikwa. Sasa kumbuka zile mita za ujazo 1,300: kaushio linalofanya kazi vizuri huipitisha hewa hiyo yote juu ya chakula, na halichuji kitu. Kwa hiyo lisijengwe upande uendako upepo kutoka mahali pa kuchomea, wala jirani na makarasha yatoayo vumbi la mawe. Viazi visianikwe kamwe juu ya marudio, ijapokuwa mchanga wake hupata moto upesi.

Kujua kama kazi imekwisha, tumia mizani, mradi isiwe ile iliyogusa zebaki. Trei iliyoingia na kilo 3 za vipande itoke ikiwa na kilo moja. Kisha michembe iachwe ipoe kivulini kwa muda wa saa moja kabla ya kutiwa guniani. Ikifungwa ingali ya moto, mvuke wake hugeuka maji ndani ya gunia usiku ule ule, na ukungu huanzia hapo.